Jina la Baba, Jina la Mume



Kila yanapokaribia majira ya arusi, swali moja huletwa nyumbani kwangu, mara na wazazi, mara na wachumba wenyewe. Huuliza: Je, binti akiisha kufunga ndoa hana budi kuacha jina la baba yake na kuchukua la mumewe? Na wengine huongeza: Asipofanya hivyo, ndoa yake ni ya Kikristo kweli? Huniuliza mimi kwa kuwa nilifundisha shule miaka mingi, na watu hudhani kwamba mwalimu aliyestaafu ana jibu la kila jambo, tena ana nafasi ya kulitoa. Nafasi ninayo. Na jibu nitalisema mapema ili msichoke kusubiri: halazimishwi, wala na Maandiko, wala na Kitabu cha Sala, wala na sheria ya nchi. Lakini mazungumzo hayaishii hapo, maana watu wawili waliopendana hawaishi kwa kulazimishana. Swali lililo gumu zaidi ni hili: mtu anapomwomba mkewe aache jina lake, anaomba nini hasa?

Nimeona uchumba mmoja ukikaribia kuvunjika kwa jambo hili. Nyumba sitaitaja. Binti alikuwa mtoto wa pekee, na baba yake alikwisha kufariki. Wazee wa upande wa kijana walisema kwamba mahari iliyosalia haitatolewa mpaka binti akubali kwa maandishi kutumia jina la ukoo wao. Binti akajibu: shamba la baba limekwisha gawanywa na ndugu zake, nyumba imeuzwa, jina hili ndilo nililobaki nalo, nikiliacha, nani atajua kwamba mzee yule aliishi? Wazee wakaona ni kiburi. Shangazi mmoja akasema, "Ati amesoma mno." Vikao vilikuwa vitatu, na chai nyingi ilinywewa.

Aliyoyasema binti yule si mapya. Fungueni Hesabu sura ya 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na Eleazari kuhani na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe katika jamaa yake, eti kwa sababu hakuzaa mtoto wa kiume. Musa hakuwaambia kwamba wamesoma mno. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akawapa haki. Najua kwamba katika sura ya 36 waliagizwa waolewe ndani ya kabila lao ili urithi usihame, na kwamba shauri lao lilihusu ardhi zaidi ya matamshi. Sifichi hilo. Lakini angalieni jinsi jina na urithi vilivyofungwa pamoja: mahali jina linapofutwa, aghalabu kuna na kitu kingine kinachochukuliwa.

Sasa tuyatazame majina yetu wenyewe, maana mara nyingi tunagombania jina la ukoo hali hatunalo. Wachaga wanayo majina ya ukoo, kama Mushi na Massawe. Wanyakyusa wana yale yanayoanza na Mwa-. Lakini wengi wetu tunaandikwa kwa majina matatu: la mtu mwenyewe, la baba, na la babu. Tuchukue mfano wa ubaoni. Anna Yohana Petro anaolewa na Samweli Mathayo Daudi. Anna akijiita Anna Samweli, mgeni atadhani Samweli ni baba yake. Akijiita Anna Mathayo, mgeni atadhani ni dada wa mumewe. Akijiita Anna Daudi, amechukua jina la babu wa mumewe, mzee ambaye pengine hakumwona hata siku moja. Na mtoto wao ataandikwa Mariamu Samweli Mathayo, wala jina la Daudi hatakuwa nalo. Basi wale wasemao kwamba mke abadili jina ili mama na watoto wawe na jina moja, na washike chaki waje ubaoni wanionyeshe jina hilo moja ni lipi.

Kwa Wajaluo, ambao wako Kenya na hata kwetu upande wa Mara, jambo huwa la kuchekesha kidogo. Achieng ni msichana aliyezaliwa jua likiwaka. Odhiambo ni mvulana aliyezaliwa jioni. Achieng akiolewa akaitwa Bibi Odhiambo, basi yule wa mchana amekuwa wa jioni, na tena kwa jina la kiume! Wakikuyu nao wana njia ninayoipenda. Binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, na wa pili jina la mama mzaa mama. Na wavulana vivyo hivyo kwa upande wa babu zao. Kwa namna hiyo wazazi wa mke huingia katika nyumba ya mume kwa njia ya wajukuu, wala hakuna aliyepotea.

Majirani zetu Waislamu wa pwani hawana swali hili kabisa. Kwao mtu ni fulani bin fulani, au fulani binti fulani. Ndiko lilikotoka neno ubini tunalolitumia kwa jina la pili. Mwanamke huolewa, hufiwa, huolewa tena, na yeye ni binti wa baba yake yule yule mpaka anazikwa. Sijasikia mtu akisema kwamba kwa sababu hiyo hamheshimu mumewe.

Basi desturi hii tunayoiita ya Kikristo imetoka wapi? Imetoka Uingereza, ikaja katika sanduku moja na wamisionari na maofisa wa serikali ya kikoloni. Huko Uingereza, kwa sheria ya zamani, mume na mke walihesabiwa kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Fedha za mke na vitu vyake vilikuwa vya mume. Mpaka ilipopitishwa sheria ya mwaka 1882 ndipo mwanamke aliyeolewa alipoweza kushika mali yake mwenyewe kama mtu kamili. Jina lilikwenda na mali. Hayo yalikuwa mambo ya nchi ile na mahakama zake, nayo hayakuandikwa katika Injili yo yote.

Maana wako Wakristo wa zamani kuliko Waingereza ambao hawakuyajua. Waethiopia wamekuwa na Kanisa tangu karne ya 4. Mwanamke wa Ethiopia ana jina lake na jina la baba yake, na arusi haibadili lo lote kati ya hayo. Mwanamke wa Hispania, nchi ya makanisa makuu na maandamano ya watakatifu, hubaki na majina yake mawili, la upande wa baba na la upande wa mama, siku zote za maisha yake. Katika nchi nyingine watu wameivuta kamba huku na huku kwa sheria. Jimbo la Quebec katika Kanada lilikata shauri mwaka 1981 kwamba mke atumie jina lake la kuzaliwa. Japani sheria imewataka mke na mume wachague jina moja, la mke au la mume. Na karibu siku zote anayeacha lake ni mke. Walioipinga sheria hiyo walishindwa mahakamani mwaka 2015, na tena mwaka 2021. Na mwaka 2025 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mume naye aweza kuchukua jina la mkewe akipenda. Nilipomsomea habari hiyo mzee mmoja wa kanisa alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mvua itanyesha.

Katika Kanisa letu wenyewe, yafaa kukumbuka majina ya kwanza yalivyoandikwa. Wamisionari wa U.M.C.A. walipofika Unguja mwaka 1864 walipokea watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Watoto hao hawakuwa na baba wa kuwataja. Mmoja wao akawa John Swedi, aliyefanywa shemasi mwaka 1879. Mwingine, Myao aliyekombolewa utumwani, akawa Cecil Majaliwa, aliyepewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misioni ile. Tazameni majina hayo. La kwanza ni la ubatizo, na wamisionari waliwapa la Kiingereza. Lakini la pili halikuwa la bwana aliyemnunua mtu, wala la Mwingereza aliyemlea. Katika siku zile mtumwa alitajwa kwa jina la mwenyewe: huyu ni wa fulani. Kwa hiyo mtu wa pwani hii hawezi kusema kwamba jina la pili ni jambo dogo, la karani tu. Bibi na babu za baadhi yetu walijua maana ya kuitwa kwa jina la mtu aliyekumiliki.

Sisemi kwamba kuchukua jina la mume ni utumwa. Kusema hivyo ni kuwatukana akina mama wengi, wazima na waliolala, waliolichukua kwa furaha. Nasema tu kwamba tofauti iko katika namna linavyotolewa. Kitu kinachotolewa kwa hiari ni zawadi. Kitu hicho hicho kikiandikwa pamoja na mahari iliyosalia, kimekuwa bei.

Twende kwenye Maandiko, kwa kuwa wako wanaoyaleta. Husema: Adamu ndiye aliyempa mkewe jina la Hawa. Ni kweli, Mwanzo 3:20. Lakini alimpa jina la kwake yeye Hawa, la kuwa mama wa wote walio hai. Hakumwita Bibi Adamu. Tena ukirudi nyuma, Mwanzo 2:24, anayetajwa kumwacha baba yake na mama yake ni mwanamume. Sarai alipokuwa Sara, aliyembadilisha alikuwa Mungu mwenyewe, naye alimbadilisha Abramu katika sura ile ile ya 17. Ruthu aliolewa mara mbili, na mara zote mbili alikuwa Ruthu. Katika Injili, Yoana anatajwa kwa mumewe Kuza, Mariamu mmoja anatajwa kwa Klopa, na Mariamu mwingine kwa mji wake wa Magdala. Hakuna kanuni moja. Kila mmoja ametajwa kwa namna ambayo majirani zake walimjua.

Liko andiko moja ambalo wanaotaka jina moja hawalitumii, nami nashangaa kwa nini, maana lina nguvu kuliko la Hawa. Ni Mwanzo 5:2, ambapo Mungu anawaumba mume na mke, anawabariki, na kuwaita wote wawili kwa jina moja. Huo ni umoja wa kweli. Lakini angalieni kwamba mume hakumpa mke jina hilo, wala mke hakumpa mume. Walilipokea wote pamoja.

Na Kitabu cha Sala je? Katekisimu ya zamani huanza kwa kumwuliza mtoto jina lake, na swali la pili ni nani aliyempa jina hilo; naye hujibu kwamba ni wadhamini wake katika ubatizo. Jina ambalo Kanisa linamwulizia mtu ni hilo. Na katika kiapo cha ndoa, kwa utaratibu wa tangu mwaka 1662, bwana arusi na bibi arusi husema kila mmoja jina lake la ubatizo na la mwenzake, basi. Majina ya ukoo husomwa katika matangazo ili watu wajue ni Anna yupi, lakini mbele ya altare hayahitajiwi.

Sasa niseme kwa upande wa wale wanaotaka mke abadili, kwa kuwa nao wana neno. Mzee mmoja aliniambia hivi: "Mwalimu, mwanangu akimleta mke nyumbani na mke yule akabaki na jina la kwao, naona kama ameacha mlango wazi nyuma yake ili arudi." Maneno hayo si ya kudharauliwa. Ni hofu ya mtu anayependa nyumba yake isimame. Wako pia mabinti ambao jina la baba ni mzigo kwao: baba aliyewatelekeza, au aliyempiga mama yao. Kwa binti wa namna hiyo arusi ni siku ya kushusha mzigo, na ye yote anayemwambia kwamba mwacha asili ni mtumwa anatumia methali nzuri mahali pabaya. Na wako ambao wanapenda tu kuitwa kwa jina la waume zao. Wana haki nao.

Lakini hofu ya mlango wazi haiponywi kwa karatasi. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 haimtaki mke abadili jina, na inasema kwamba ndoa yenyewe haihamishi mali ya mmoja kuwa ya mwingine. Vyeti vya shule hubaki na jina la usichana. Anayetaka kubadili rasmi hana budi kuandika hati ya kubadili jina mbele ya wakili na kuisajili, kisha aanze kuzunguka: kitambulisho cha Taifa, benki, kazini, mfuko wa pensheni. Nimewaona walimu wenzangu waliofundisha maisha yao yote, wakastaafu, na mafao yao yakakaa miezi na miezi kwa sababu barua ya ajira ilikuwa na jina moja, kitambulisho kingine, na kitabu cha benki la tatu. Dada mmoja aliapishwa mara mbili kwamba yeye ni yeye. Mimi mwenyewe jina la baba yangu lilibaki katika orodha ya mshahara tangu chuoni hadi siku ya mwisho, nyumbani nikaitwa Mama Fulani, na kanisani Bibi Fulani kwa jina la mume wangu, Mungu amrehemu. Hakuugua kwa sababu hiyo.

Nimetaja Mama Fulani, nami nataka kukaa hapo kidogo, maana naona tunabishana juu ya jina la karatasini na kusahau jina la kibarazani. Katika mitaa yetu mwanamke akiisha kuzaa haitwi tena kwa jina la baba wala la mume. Huitwa Mama Yohana, Mama Neema. Ni heshima kubwa. Lakini yuko dada katika ibada ya pili ambaye ameolewa miaka mingi na hakujaliwa mtoto. Yeye tunamwita nani? Nimesikia wakimwita "yule mke wa fundi". Jina la baba aliliacha siku ya arusi kwa kupenda. La mtoto hakulipata. La ubatizo hakuna anayelikumbuka, hata sisi tulioimba siku alipobatizwa. Katika Isaya 56 Bwana anawaahidi matowashi, watu wasio na uzao, kwamba atawapa jina lililo jema kuliko wana na binti. Sisi tumeshindwa hata kumpa dada yule lile alilokuja nalo.

Na mjane je? Wapo wajane ambao wakwe zao, siku 40 hazijatimia, waliwaambia, "Jina letu turudishie, na ufunguo." Kumbe lilikuwa la kuazima! Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepewa Nishani ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, aliachwa na mumewe mwaka 1979, na mume akamtaka aache kulitumia jina lake. Yeye alikwisha kujulikana kwa jina hilo katika kazi zake zote. Akaongeza herufi moja, a ya pili, likawa lake. Si kila mwanamke ana ujasiri huo, na herufi moja haimrudishii mjane nyumba. Kwa hiyo ukoo unaodai binti achukue jina lao na ujibu kwanza swali hili: mwana wetu akifa kabla yake, huyu ataendelea kuwa wetu? Wakijibu ndiyo, na waliandike hilo kwa maandishi, kama wanavyotaka yeye aandike.

Swali hilo ndilo lililomaliza vikao vya ule uchumba niliowaeleza. Halikuulizwa na mzee, bali na kijana mwenyewe, mbele ya baba zake wote. Wazee walitazamana. Mmoja alisema hayo ni maneno ya mkosi kabla ya arusi. Lakini hakuna aliyejibu, na kijana akasema basi mahari iliyosalia ataitafuta mwenyewe. Walifunga ndoa. Binti ana jina la baba yake, na mtoto wao wa kwanza wa kiume amepewa jina la babu yule aliyefariki. Wale wazee ndio wanaombeba.

Kwa wale ambao matangazo yao yatasomwa kabla ya Kwaresima, nawaomba mzungumze jambo hili sasa, ninyi wawili kwanza, kabla ya wajomba na mashangazi. Msilingoje mpaka sakristia. Bibi arusi ataandika katika daftari jina alilokuja nalo, na cheti cha ndoa hakitambadilishia. Akitaka kubadili, ni safari nyingine, nayo huanza kwa wakili. Akibadili, avihifadhi vyeti vyake vya zamani pamoja na cheti cha ndoa katika bahasha moja. Na jina lo lote mtakalokubaliana, liandikwe kwa herufi zile zile katika kila karatasi, maana Elizabeti mwenye z na Elisabeti mwenye s, kwa karani, ni watu wawili.